Kitufe cha Kukata Kelele

Mara ya tatu ndani ya wiki mbili, mdogo wangu akaniletea lori lake la kokoto karakanani.

"Dada, msimamizi kasema redio yangu haishiki. Ananiita mlimani siitikii. Nisipoitikia leo, nirudishe funguo."

"Wewe na redio yako mtaniua," nikamwambia. Tangu asubuhi sijakaa, miguu inawaka moto.

Barabara ya machimboni ni nyembamba, magari mawili hayapishani. Kila nguzo ya njiani ina namba, na anayeshuka na mzigo huitaja redioni ili anayepanda ajibanze pembeni. Asiyesikia anakutana na tani ishirini uso kwa uso. Mwezi uliopita rafiki wa mdogo wangu, wao chanda na pete, alikatikiwa breki huko akaporomoka bondeni na lori lake.

Nikalitoa lori nje, maana mabati ya karakana huidanganya mita ya kupimia antena. Nikakwangua kutu kwenye kitako cha antena, nikakaza waya, nikaishusha ncha yake kidogo kidogo, mlango nafunga kila nikipima. Mshale ukatulia pazuri, kama mara zile mbili. Hasira zikanipanda. Redio gani hii, kwangu inapona, kwake inaugua?

Mimi kabla ya kupima hurudisha vitufe vyote mwanzo. Ndiyo mazoea yangu. Siku hiyo, kwa kuchoka, nikasahau kimoja. Msimamizi akaita kutoka machimboni: redio ya mezani kwangu ikamtoa vizuri, ya lori kimya. Nikachungulia. Kitufe cha kukata kelele, ule mvumo wa redio tupu, kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho, na sauti zote za mbali zimekatwa pamoja na kelele. Kumbe mara zile mbili nilikirudisha mwenyewe bila hata kukitazama. Lo, fundi mzima!

"Nani kagusa hiki?"

Akainamisha kichwa. "Mimi. Siku ile rafiki yangu alitaja nguzo ya nane, halafu ikabaki ile shhh tu. Nilimwita mpaka koo likakauka. Sasa nikiisikia, siwezi kuendesha, dada. Usukani haushikiki."

"Na wanaoshuka unawajuaje?"

"Natazama vumbi lao."

"Vumbi! Una wazimu wewe?"

Akanisihi niseme redio imekufa, ibadilishwe, apate angalau wiki moja ya kupumzika. "Ukisema nzima, wanangu watakula nini?"

Nilimpenda na nilitaka kumzaba kofi, vyote kwa pamoja. Nikashika maikrofoni.

"Msimamizi, redio ni nzima. Dereva ndiye hayuko sawa. Tafuta mwingine."

Mdogo wangu akanitazama kama mtu asiyenijua. "Umeniuza, dada."

"Nimekuuza. Nichukie, lakini nichukie ukiwa hai."

Akatupa funguo chini, akakaa akiegemea gurudumu, akalia kwa sauti. Msibani kwa rafiki yake hakutoa hata chozi. Nami nikakaa kando yake, bila kumgusa, maana angenipiga.