Siku ya Kuwasha Tanuru

Kaka yangu Cleophas hakuja kazini Jumatatu. Tulizoea kumsikia kabla ya kumwona, maana alikohoa kidogo, kisha akaanza kumtania mtu hata kabla hajafika. Saa nne Mukhwana, mmoja wa wafyatuaji wetu, akaja kutoka nyumbani kwa Cleophas kunipa habari. Homa ya mapafu ilikuwa imemuua kaka alfajiri.

Ilikuwa Februari, mwaka wa pili baada ya Uhuru. Cleophas ndiye aliyesimamia wafyatuaji wa matofali ya shule yetu ya harambee, iliyojengwa kwa michango yetu wenyewe kando ya barabara ya Iguhu. Matofali mabichi yalikuwa yamekwisha kupangwa kuwa tanuru na kufunikwa nyasi. Yalingoja moto tu. Mvua ya Machi ikiyakuta hivyo yangerudi kuwa tope, na watoto wangesomea kanisani mwaka mwingine.

Kamati ya shule ilinipa mimi kazi yake, kwa sababu nilikuwa ndugu yake na nilikuwa nimesoma sekondari.

Nilijaribu kuongoza kama yeye. Nilizunguka mikono nyuma, nikikohoa, nikitania watu. Nilimwambia Mukhwana kwamba kipara chake kingeweza kukausha tofali. Cleophas alikuwa akisema hayo hayo na watu wakashika mbavu. Lakini mimi, Mukhwana aliniangalia kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia mgonjwa. Kila jioni waliniuliza tutawasha lini, nami nikajibu kwamba Cleophas angengoja udongo ukauke zaidi. Siku nyingine nikasema angengoja upepo utulie. Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa msitu.

Siku ya kunyoa nywele ikafika. Kwetu, baada ya mazishi, ndugu hunyolewa, kisha watu hukaa uani na kutaja wazi alichoacha marehemu: ng'ombe yupi ni wa nani, mke na watoto wataangaliwa na nani. Yalipokwisha hayo, mjomba wetu akauliza kama kuna kitu kimesahaulika.

"Tanuru," akasema Roda, mjane wa kaka yangu.

Mjomba akamwambia kwa upole kwamba tanuru ni mali ya shule.

"Najua. Lakini ameliacha bila mtu." Akanigeukia. "Shemeji, unatembea kama mume wangu. Unakohoa kama yeye, na kifua chako ni kizima. Cleophas tumemzika. Sasa nani atawasha moto?"

Mukhwana akacheka puani. "Na ile habari ya kipara changu, tafadhali nayo izikwe."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile.

Kisha nikajitazama. Nilikuwa nikisema namheshimu kaka yangu, kumbe niliogopa. Matofali yangepasuka mikononi mwake, watu wangesema ni bahati mbaya. Yakipasuka mikononi mwangu, wangesema ni mimi, Barnaba. Niliposema kwa jina lake, hakuna kosa ambalo lingekuwa langu.

Nikasimama, nikawaambia hivyo hivyo. Nikaongeza kwamba mzaha siuwezi, kwamba mimi ni mtu wa kupanga kazi na kunyamaza, na wakiniona nimenyamaza wasidhani nimekasirika.

"Tutawasha Alhamisi," nikasema. "Ni mimi ninayesema."

Roda akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa wanawake wenzake.

Alhamisi tukawasha. Zamu nilikuwa nimezigawa mapema, kila mtu akijua mdomo wake wa tanuru wa kutilia kuni na mwenzake wa kumpokea, kisha nikawaacha wafanye kazi. Tulilisha moto hadi matofali ya juu yakaiva, tukaziba midomo kwa tope.

Mvua ilianza Jumapili, watu wakiwa ibadani. Nilikimbia hadi kwenye tanuru, nikaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa wa moto, na kila tone lililougusa liligeuka mvuke. Nilisimama pale na kichwa changu kilichonyolewa, nikalowa mwili mzima, na pumzi niliyokuwa nimeizuia tangu mazishi ikatoka.

Tulipofungua, safu ya chini ilikuwa imepasuka. Mukhwana akasema hata kwa Cleophas safu ya chini ilikuwa ikipasuka, ila yeye alikuwa akiificha nyuma ya choo. Mengine yote yalikuwa mekundu, na yalilia kama chuma tulipoyagonganisha.

Ukuta wa darasa la kwanza umefika kwenye madirisha. Jumatatu tunaanza kuchimba udongo wa darasa la pili.