Fito Kumi na Moja

Kwetu, kila Aprili, fito za miti huchomekwa upya ukingoni mwa mkondo wanamopita mashua, maana dhoruba za majira ya baridi huhamisha mchanga. Kanuni ni moja kwa anayerudi: kulia kwa fito ni maji, kushoto ni mchanga mgumu, maji yakipwa unaupita kwa miguu hadi nyumbani.

Mwaka huu kazi hiyo ilikuwa yangu. Fito arobaini nilizipimia kina kwa upondo, moja moja. Kumi na moja za mwisho nikazichomeka kwa kumbukumbu. Mvua ilininyeshea, mgongo uliniuma, nikajiambia: Wiebke, ghuba hii unaijua kama jiko lako. Kiburi si maungwana, nami nilikuwa nacho tele.

Siku nne baadaye ukungu ulishuka mchana, mume wangu Tjark akirudi na uduvi wake, maji yakipwa. Nilikuwa namimina chai aliponiita kwenye redio.

"Bibie, nimekwama! Ufito wako huu hapa kushoto kwangu, lakini chini mchanga mtupu."

"Tulia hapo hapo, maji yatarudi."

"Nitulie nini? Nimezubaa mwenyewe, upepo ukanisukuma. Fito zako hazikosei. Nashuka, nashika kushoto, nakuja kwa miguu. Usinimalizie sukari!"

Habbo, nahodha wa kivuko, akadakia akicheka: "Tjark, tutakuchangia miwani!"

Kumbe kijiji kizima kilikuwa kinasikiliza. Nami nilikuwa nimeshaelewa: mkondo ulihamia kushoto. Kati ya Tjark na nyumbani palikuwa na maji, na kabla ya maji, tope laini kama uji.

Nikashika kipaza sauti, sikukibonyeza. Niliona aibu. Mume wangu anavaa mabuti, mimi natafuta uongo wa kumzuia nao! Chai ikaanza kupoa.

"Tjark, usishuke," nikasema mwishowe. "Kumi na moja za mwisho sikuzipima. Mkondo uko kushoto. Nisamehe, usishuke!"

Redio ikakoroma tu. Habbo hakucheka tena.

Saa tisa ukungu uliondoka. Waokoaji waliikuta mashua imelala ubavu, redio bado inawaka. Nyayo zilianzia ubavuni mwake, zikaupita ufito wangu, zikashika kushoto mpaka maji yalipoanzia.

Kijiji kizima kilinisikia siku ile. Tjark peke yake ndiye ambaye hakunisikia.