Kitanda Ndani ya Garaji

Tryphena aliteremka kutoka Werugha na godoro lililofungwa kamba, jiko la makaa na sufuria alizotunzwa kanisani siku ya harusi. Tangu harusi hiyo mumewe, Mwandawiro, alikuwa Voi akitengeneza malori kando ya barabara, na yeye akabaki mlimani na mama mkwe na ng'ombe. Kila alipopanda kuja kumwona, Mwandawiro alisema lile lile: "Ngoja nipate leseni. Nikiwa na garaji yangu, hutalala huku tena." Tryphena akangoja. Kungoja alikujua.

Sasa garaji ilikuwepo: mabati mapya yaliyomeza kila walichokuwa nacho, na kwa nyuma kipembe cha kulala kisicho na mlango. Kilichobaki ni bwana afya kuja kukagua, maana bila sahihi yake baraza la mji halitoi leseni. Mwandawiro alikuwa amejiandaa. Choo kilishachimbwa, pipa la oili chafu lilikuwa na kifuniko, na ndoo ya mchanga wa kuzimia moto iliwekwa mahali pa kuonekana.

"Akija, usiongee sana," Mwandawiro alimwambia.

"Mimi huongea lini?"

"Jana hukuniacha nilale."

"Hayo maneno nilikuwa nimeyaweka tangu Krismasi."

Wakacheka.

Asubuhi Mwandawiro alikwenda kumpokea mgeni. Tryphena alifagia, akatandika kitanda, akakifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe huko mlimani. Alitaka huyo mtu wa serikali aone kwamba hapa pana mke, si kijiwe cha wahuni. Halafu akakumbuka kwamba kwao mgeni haondoki mdomo mkavu. Nje upepo ulikuwa unatimua vumbi jekundu, kwa hiyo akaliingiza jiko ndani, akabandika chai ya maziwa.

"Yanukia, bi arusi!" Bi Mwanamina, muuza mahamri wa jirani, alimwitia kutoka barabarani. "Mtilie na iliki, atie sahihi mara mbili!"

Bwana afya alikuja, akasalimia vizuri. Akaangalia choo, akaangalia pipa, akaangalia mchanga, na kila mara akaitikia kwa kichwa. Tryphena alikuwa tayari ameshika kikombe. Ndipo yule bwana alipoliona jiko, na kando yake karai la petroli ambalo Mwandawiro huoshea vyuma.

"Mama," alisema polepole, "toa huo moto nje. Usikimbie."

Alilitoa jiko nje. Aliporudi, bwana afya alikuwa anatazama kitambaa.

"Nani analala hapa?"

"Mimi na mke wangu," Mwandawiro alijibu.

"Fundi, penye petroli na rangi hapalali mtu. Ndiyo sheria, na umeona mwenyewe kwa nini. Kitanda kikitoka, naweka sahihi leo. Kikibaki, sina la kukusaidia."

Mwandawiro hakumtazama bwana afya. Alimtazama mkewe. "Basi leseni ikae. Nitarudi kando ya barabara."

"Na huko kando ya barabara nitalala wapi?" Tryphena aliuliza. Hakungoja jibu. Alikunja kitambaa kwanza, taratibu, kona kwa kona, halafu akaanza kulifunga godoro kwa kamba ile ile.

Bwana afya alitia sahihi, akanywa chai nje, amesimama. "Chai nzuri, mama," alisema, macho yakiwa barabarani.

"Nikipata tu chumba cha kupanga," Mwandawiro alisema akimpakilia godoro kwenye gari la kupanda mlimani.

"Ndiyo."

"Sitakawia, Tryphena."

"Najua."

Kitambaa alimwachia. Alimwekea ndani ya shati lake la Jumapili, mahali ambapo oili haifiki.

Siku hizi, ukungu wa Werugha ukiondoka, Tryphena huacha kukama, akasogea hadi ukingo wa shamba. Huko chini tambarare kuna kitu kinametameta juani. Huenda ni mabati ya mtu mwingine. Yeye huyatazama hivyo hivyo, mpaka mama mkwe amwite mara ya pili kwamba maziwa yanapoa.