Saa Moja ya Kiangazi

Mama alinipa kazi ya upelelezi. Baba alikuwa nyuma ya gari anafunga kamba za viatu, Mama akaninong'oneza: "Signe, mwangalie. Akikosea jambo kubwa hata moja, hii ndiyo safari yake ya mwisho huku." Kisha akatuacha na mabegi yetu, akaenda kuzunguka na gari atupokee upande wa pili baada ya siku tatu.

Tangu majira ya baridi Baba alikuwa anasahau: sufuria jikoni, majina ya majirani. Majina ya majirani hata mimi nayasahau, tena kwa hiari. Lakini pwani hii haina mtandao wa simu, ina dubu, na njia yake kubwa ni mchanga na mawe ambayo bahari huyafunika mara mbili kwa siku. Miaka thelathini Baba ndiye aliyepiga hesabu za maji, kwa kitabu chake cha saa za kupwa na kujaa.

Siku mbili za kwanza alinishinda kwa kila kitu. Alitundika begi la chakula mtini kwa kurusha kamba mara moja tu. Mimi nilirusha mara sita, ya saba nikajipiga kisogoni.

"Waonee huruma dubu," akasema, "watakufa kwa kucheka."

Siku ya tatu ilibaki rasi ya mwisho. Hapo hupiti ila maji yakiwa yamekupwa. Baba akavaa miwani, akaisoma karatasi ya saa za maji niliyomchapia nyumbani. Huku kwetu kila kiangazi saa zote husogezwa mbele kwa saa moja.

"Saa nne. Ongeza moja ya kiangazi, saa tano. Kunywa kahawa yako taratibu."

Tukanywa. Tulipofika, saa tano na nusu, mawimbi yalikuwa yanapiga mwamba, na mwani unaelea pale tulipopaswa kukanyaga. Baba alitazama maji, akatazama saa, akatazama maji tena.

"Yanapanda," akasema.

Tulirudi ufukweni, tukasimamisha hema nyuma ya magogo yaliyotupwa na bahari. Ilikuwa lazima tungoje kesho.

"Mwambie tu mama yako," Baba akasema. "Najua amekutuma."

"Nani kasema?"

"Siku tatu hujabishana na mimi. Nilidhani unaumwa."

Akaenda kuteka maji. Nikakusanya kuni, zote mbichi. Kitu kikavu kilikuwa ile karatasi tu. Nilipoikunja niiwashe, nikaona maandishi madogo chini: saa ya kiangazi imeshaongezwa. Kile kitabu chake cha zamani hakikuwahi kuiongeza. Aliiongeza mwenyewe kila mwaka. Na maandishi hayo niliyaona nyumbani nikichapa. Niliyacheka kwa udogo wake, nikanyamaza.

Kiberiti kilikuwa mkononi; karatasi ikiungua, hakuna atakayejua. Nikawaza pia kwamba huenda Mama ana haki, na kwamba sababu ya kumwachisha Baba safari hizi ilikuwa imepatikana bila mimi kusema neno.

Aliporudi nikampa karatasi. Akasoma, akasoma tena.

"Kwa hiyo sikusahau."

"Hukusahau. Ulikumbuka kupita kiasi. Aliyenyamaza ni mimi."

Akakaa juu ya gogo. "Lakini zamani," akasema, "ningesoma mpaka chini."

Nikarudisha kiberiti mfukoni, tukala chakula baridi.

Kesho yake, kabla ya saa tano, tulipita rasi viatu vikavu. Mama alikuwa amelala garini. Nywele zake zilitusimulia usiku mzima aliotungoja humo.

"Nani kakosea?"

"Mimi," tukasema wote wawili.

"Semeni mmoja mmoja."

Baba akampa karatasi, nami nikaeleza. Mama aliisoma mpaka mstari wa chini kabisa, akaikunja, akaitia mfukoni mwake.

"Mwakani natembea na nyinyi. Hii nabeba mimi."

Baba alifungua mdomo abishe. Kisha akavua saa yake ya mkononi, akampa na hiyo.