Mzee Ronkainen Anaaga

Mhudumu Arlys Hietala alikuwa akimhamisha Mzee Ronkainen kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, peke yake kama kawaida, mzee alipokata roho katikati ya safari. Kanuni ya makao yale ya wazee, kaskazini mwa Minnesota huko Marekani, ilitaka mtu mzito anyanyuliwe na wahudumu wawili au kwa mashine. Mashine ilikuwapo. Ilikaa ukumbini karibu na tangi la samaki, ikifutwa vumbi kila asubuhi, ili watoto wa wazee wakija waone jinsi wazazi wao wanavyoenziwa. Mhudumu wa pili alikuwa ameachishwa kazi ili kubana matumizi. Samaki hawakuguswa.

Wiki ileile maumivu yakamshika Arlys kiunoni, yakapita takoni, yakateremka mguu wa kushoto hadi kidole gumba, kikafa ganzi. Akaendelea kufanya kazi akitembea upande upande. Watu wa huko hawalalamiki. Nyumba ikiwaka moto, watakwambia leo kuna kajoto.

"Tuseme sifuri ni hakuna na kumi ni mwisho," Daktari Bergquist alimuuliza. "Unaumwa ngapi?"

Arlys alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili kwa sababu hakuweza kuketi. "Labda tatu, daktari. Wapo wenye shida kunizidi."

Picha ya mgongo ilitoka safi. Kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, ile diski laini inayozuia mifupa isisagane ilikuwa imebenuka kwa nyuma na kugandamiza mshipa wa fahamu uendao mguuni. Juu ya diski alikuwa ameketi Mzee Ronkainen na pajama zake za mistari, mikono magotini.

"Huyu nani?" daktari akauliza.

"Mzee Ronkainen. Sikuwahi kumtua."

"Aa. Kwa kazi yenu hutokea." Akamweleza kwamba wengi hupona bila kisu, baada ya wiki kadhaa. "Usijilaze tu kitandani, mama, tembea. Ukilala kifudifudi, jiinue kwa mikono, kiuno kibaki chini. Ukifa ganzi mapajani kwa ndani au mkojo ukikushinda, kimbilia hospitali saa hiyohiyo. Na usinyanyue mtu."

Meneja, Bi Glenda Voss, aliposikia tatu alicheka kwa upole wa kazini. "Tatu, Arlys? Mimi kichwa tu kinaniuma tano, na si hivi niko hapa?" Kwa hiyo tatu ile haikuwa jeraha la kazini bali uzee, na uzee haulipwi fidia. Akampa likizo bila mshahara, kwa kuwa anawajali watu wake. "Nafasi yako nakushikia mpaka barafu ya ziwani iyeyuke. Zaidi ya hapo siwezi, unajua wazee wanavyotuhitaji."

Basi Arlys akarudi nyumbani kwake, akalala kifudifudi sebuleni, akajiinua kwa mikono. Mgongoni kikasikika kama kiti kinasogezwa.

"Nakusumbua, binti yangu," Mzee Ronkainen akasema. "Haya, ngoja mimi niende."

Kwa watu wale, kusema ngoja niende ndiyo kwanza mtu anaanza kuaga. Anasimama, anauliza habari za gari lako. Anafika mlangoni, anakumbuka shemeji yake aliyevunjika mguu. Kumharakisha ni utovu wa adabu, na Arlys alikuwa amelelewa vizuri. Kila asubuhi alijiinua kwa mikono, mzee naye akainuka, akauliza kama mwaka huu samaki wanashika ndoano, akaketi tena. Jirani akapita na kusema barafu ya ziwani imeanza kulia, dalili ya kupasuka.

"Mzee wangu," Arlys akasema siku hiyo, akijipiga magoti kwa viganja kama afanyavyo mwenyeji aliyechoka na mgeni. "Haya basi."

"Haya basi," mzee akakubali, akahamia karibu na mlango.

Maumivu yakatoka kidoleni, yakapanda hadi kwenye goti, kisha pajani, yakabaki kiunoni tu. Barafu ilipokuwa imebaki ukanda mwembamba, mzee akatoka kwa mlango wa jikoni na kipande cha keki kwenye karatasi, kama mgeni aliyefungiwa cha njiani. "Samahani kwa uzito, binti yangu," akasema, akashuka ngazi. Arlys akasimama wima mbele ya sinki, akalia. Tangu aanze kazi ile, hakuna mwingine aliyewahi kumwomba radhi.

Bi Voss aliipenda sana picha mpya ya mgongo wa Arlys, yenye nafasi tupu pale kiunoni. Aliwaonyesha wenye makao, wakaafikiana kwamba kunyanyua peke yako hakuachi madhara ya kudumu, kwa hiyo mhudumu wa jioni naye akaagwa. Jumatatu Arlys akarudi kazini, akaingia chumba cha Bi Sundvall, mkazi mpya mwenye mwili, akamkumbatia na kumwinua. Bi Sundvall akaweka kidevu begani pa Arlys, akachungulia mgongo wake chini.

"Huko kuna dirisha?"

"Lipo, bibi."

"Basi usihangaike kwa ajili yangu," Bi Sundvall akasema. "Sitakaa sana."