Keki ya Armel

Saa mbili na nusu asubuhi ya Ijumaa, keki ilitoka Nyamirambo, mtaa wa Kigali, ikiwa imepakatwa kwenye pikipiki. Ilikuwa keki ya watu kumi na wawili, yenye krimu ya waridi, na juu yake mwokaji Nasiri alikuwa ameandika HONGERA ARMEL kwa chokoleti. Raïssa aliyeipakata hakuwahi kuonana na Armel hata siku moja.

Kazi yake ilikuwa kuingia mahali asipotakiwa, kwa ruhusa. Kampuni yao ndogo ya usalama wa mtandao ilikuwa na watu watatu: mwenye kampuni, Gahongayire, aliyekulia Mwanza, Rodney, aliyekulia Kampala, na Raïssa, aliyehamia Kigali kutoka Bujumbura akiwa na miaka kumi na tisa. Mtu akitaka kujua kama milango yake inafungika kweli, anawalipa watatu hawa wajaribu kuipita. Safari hii mteja alikuwa kampuni moja ya mtaa wa Rebero inayotunza rekodi za wagonjwa wa kliniki thelathini na moja. Masharti yalikuwa mafupi: fika chumba cha seva, bandika kibandiko cha njano kwenye mashine moja, piga picha, toka nje ya geti bila kusimamishwa na mtu.

Gasana, mkurugenzi wa hiyo kampuni, ndiye pekee aliyeijua siku. Ndiye pia aliyeomba Rodney aongoze jaribio. "Si kwa ubaya," alisema, "ila kuvunja ni kazi ya kiume."

Gahongayire hakubishana naye. Alirudi ofisini, akampa Raïssa faili.

"Ukipita, kazi ya hospitali mwezi ujao unaiongoza wewe. Usipopita nampa Rodney, kwa sababu sitakuwa na hoja ya kumpa Gasana wala mteja mwingine."

Kazi ya hospitali ilikuwa ya miezi sita na wachunguzi wanne. Kwa miaka mitatu Raïssa alikuwa akiandika ripoti ambazo jina la kwanza lilikuwa la Rodney. Aliitaka.

"Keki?" Rodney alicheka aliposikia mpango. "Sasa unaenda kudukua au kuchumbia?"

"Wewe Jumanne ulipoenda kuwapeleleza ulibeba nini?"

"Macho tu. Andika: getini hakuna tatizo, ndani hakuna anayeuliza."

Raïssa aliandika.

"Na siku ya kuzaliwa ya huyo Armel umeipata wapi?" Gahongayire aliuliza.

"Kwenye ukurasa wake mtandaoni, dada. Kumi na nne Novemba. Ndiye mkuu wa kompyuta pale. Kila mtu atataka kumfurahisha."

"Hapo ni mahali pamoja. Pa pili wapi?"

Ilikuwa sheria ya ofisi: jambo moja, mashahidi wawili.

"Keki imeshaagizwa, dada."

"Sikukuuliza habari ya keki."

Getini Rebero, mlinzi aitwaye Usumani alifunua boksi, akasoma maandishi, akatazama kushoto na kulia kama mtu aliyekabidhiwa siri ya serikali.

"Mwenyewe anajua?"

"Hajui. Nyamaza, tafadhali."

"Na maji mmetayarisha?"

Swali lilikuwa la haki. Kigali, mtu aliyefikisha siku yake ya kuzaliwa pasipo kumwagiwa maji hajaifikisha vizuri, na kumwagiwa huko lazima kuwe kwa ghafla.

"Bado," Raïssa alikiri.

"Basi hayo niachie mimi. Iko ndoo huku nyuma."

Kitambulisho hakukiomba. Mikono ya mgeni ilikuwa imejaa, na yeye tayari alikuwa anatafuta bomba.

Mapokezi, msichana wa mezani aliinuka mwenyewe akabonyeza kidole kwenye kufuli ya mlango wa ndani. "Haraka, sha," alimwambia kama rafiki wa siku nyingi, "kabla hajarudi!" Armel alikuwa na kikao mjini hadi saa tano; msichana huyohuyo alikuwa amemweleza hivyo jana yake muuza printa mmoja aliyepiga simu, ambaye hakuwa muuza printa. Ghorofani watu walikusanyika, wakaonja krimu kwa macho, wakagawana kazi kwa kunong'ona: huyu mshumaa, yule sahani. Raïssa aliwahesabu. Hakuna aliyemuuliza jina.

Kaze, msaidizi wa Armel, ndiye aliyeona tatizo. "Krimu itayeyuka. Jua lote hili! Tuiweke kwa seva, kule iko baridi kama friji."

Raïssa alikuwa amejiandaa na njia tatu za kukifikia chumba cha seva. Zote tatu zilibaki kwenye daftari. Kaze alibonyeza kidole, mlango ukafunguka, akauzuia usijifunge kwa mtungi wa kuzimia moto.

"Ngoja hapa nikatafute kiberiti," alisema. "Usiguse kitu."

Lilikuwa agizo la kwanza la usalama kusikika asubuhi hiyo. Raïssa aliweka keki juu ya kabati, akabandika kibandiko cha njano kwenye mashine ya pili, akapiga picha mbili. Saa tatu na dakika kumi na saba. Watu kumi na mmoja walikuwa wamemwona. Kilichobaki kilikuwa ngazi, ua na geti.

Mlangoni alisimama mwanamke wa makamo mwenye aproni ya bluu na rundo la sahani. Kadi iliyoning'inia shingoni ilisema: Ntakirutimana Médiatrice, usafi na chai.

"Wameniambia kuna keki. Ya nani?"

"Ya Armel, mama. Leo ndiyo siku yake ya kuzaliwa."

"Armel yupi?"

"Wa kompyuta."

Médiatrice alisoma chokoleti bila haraka. "Huyo nilimmwagia maji mimi kwa mikono yangu, mwezi wa tatu, tarehe tatu. Ndoo mbili, akapata mafua. Kwa mwaka anazaliwa mara ngapi?"

"Labda aliyeagiza amechanganya, mama. Wacha nishuke nimpigie, humu simu haishiki."

"Humu inashika. Utapiga mbele yangu. Toka huko kwanza, na keki uiache."

Masharti yaliruhusu uongo lakini si kusukumana. Raïssa alitoka, akachomoa barua ya ruhusa mfukoni mwa koti. Médiatrice aliisoma hadi mwisho, kidole kikifuata mistari.

"Stempu hata sokoni wanachonga."

"Namba ya mkurugenzi ipo hapo chini, mama. Mpigie umuulize."

"Namba uliyoniletea wewe? Atapokea nani, kaka yako?" Alitoa simu yake mwenyewe, akatafuta namba aliyokuwa nayo tangu aajiriwe. "Mkurugenzi? Huku iko msichana na keki ya uongo."

Raïssa alitazama saa: tatu na dakika ishirini na mbili. Kazi ya hospitali ilikuwa imeondoka. Aliona pia, kwa sababu kuona ndiyo kazi yake, kwamba mwanamke huyu alikuwa amefanya lile ambalo yeye hulifundisha kwa siku mbili bila kueleweka: ukitaka kumhakiki mtu, usitumie namba anayokupa yeye.

Saa tano na nusu wote walikaa ofisini kwa Gasana, Gahongayire na Rodney wakiwemo. Armel alikuwa amerudi, na habari ya mtungi wa kuzimia moto ilikuwa imemfikia. Uso wake ulionyesha hivyo. Médiatrice alikuwa anagawa chai.

"Kwa hiyo umeshindwa," Gasana alisema.

"Ndiyo," Raïssa alijibu. "Watu kumi na mmoja waliniona, hakuna aliyeniuliza jina, na watatu walinifungulia njia. Wa kumi na mbili alinikamata. Kosa ni langu. Tarehe niliitoa sehemu moja nikaiamini."

Armel alikohoa. "Ile ya mtandaoni niliiweka ya uongo makusudi. Wezi wasiipate ya kweli." Kwa mara ya kwanza tangu arudi, alitabasamu.

"Mimi nilisema mapema," Gasana aliendelea. "Rodney angepita."

Médiatrice alisimama na birika hewani. "Rodney ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Huyu alikuja Jumanne na ngazi, eti fundi wa taa. Nikamuuliza taa ipi. Akasema zote. Nikamrudisha alikotoka."

Rodney aliichunguza chai yake kama mtu aliyeombwa kuithibitisha. Gahongayire alifungua daftari la Raïssa, akasoma kwa sauti: "'Getini hakuna tatizo, ndani hakuna anayeuliza.'"

"Getini kweli nilipita," Rodney alisema.

"Na ndani?"

"Nilikutana na mama wa chai tu. Sikudhani anahesabika."

"Ungemwandika, Raïssa angejua kuna mtu wa kumkwepa." Gahongayire alifunga daftari. "Niliweka sharti kwa sababu moja: nisije nikakosa hoja. Sasa ninayo. Wote wawili wamekamatwa na mtu mmoja, na mmoja tu ndiye aliyekiri mwenyewe. Raïssa, hospitali ni yako. Ripoti ya leo naitaka jioni, na tarehe ya Armel iwe mstari wa kwanza."

"Sawa, dada."

"Na pendekezo la kwanza?" Gasana aliuliza. Aliuliza akimtazama Raïssa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kikao kianze.

"Mgeni yeyote asiyejulikana, Mama Médiatrice aulizwe kabla mlango haujafunguliwa. Iwe sehemu ya kazi yake, kwa cheo na kwa mshahara."

"Hapo pa mshahara," Médiatrice alisema, "andika kwa herufi kubwa."

Keki ililiwa. Hakukuwa na sababu ya kuitunza kama ushahidi, picha zilikuwepo. Ila hakuna aliyekumbuka kumweleza Usumani kwamba mambo yamebadilika. Armel alipotokea uani kuwasindikiza wageni, ndoo ya tangu asubuhi ilimshukia yote, na Usumani akapiga vigelegele peke yake.

"Mara ya pili mwaka huu," Armel alisema, maji yakimtiririka masikioni.

Médiatrice alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akamgeukia Raïssa. "Na wewe, mwanangu, ulizaliwa lini?"

"Kumi na tisa Agosti, mama."

Médiatrice alimtazama Gahongayire. "Ni kweli?"