Mashini ya Kuosha Pave

Michel alipofika dukani kwa Mama Brigitte, kwenye bulvari ya Bunia, alikuwa amekwisha kuamua: atanunua mashini ya kurusha maji yenye nguvu kuliko zote. Parokia ilikuwa imempa kazi ya kuosha uwanja wake mkubwa kabla ya Pentekoste, na uwanja ule aliujua vizuri. Aliujenga mwenyewe, pave kwa pave, vile vitofali vya saruji vya kutandika chini, miaka ya mwisho ya Zaïre, yeye na mwenzake Donatien. Tangu vita hakuna aliyeushughulikia. Ulikuwa umejaa kuvu, masizi na mafuta ya magari, na mvua ikinyesha wazee waliteleza wakienda misa.

Kusugua kwa burosi alikwisha kujaribu. Kona moja ilimchukua asubuhi nzima, na jioni mgongo ukakataa kunyooka. Ndipo mke wake Immaculée, aliyekuwa akiuza maziwa sokoni, akamwambia, "Papa Divine, chukua ile akiba yangu, utafute mashini. Pave iko mingi mu Bunia sasa. Iko ku mahoteli, iko ku manyumba ya bakubwa. Utakosa kazi?"

Mama Brigitte, mwanamke mnene mwenye kucheka upesi, alikuwa akileta vitu vyake kutoka Kampala kwa njia ya Mahagi. Akamtolea mashini mbili. Moja ilikuwa ndogo, ya umeme, ungeweza kuibeba kwa mkono mmoja. Nyingine ilikuwa nzito, ya esansi, yaani petroli, yenye magurudumu na kamba ya kuvuta.

"Ya esansi," Michel akasema bila kufikiri sana. "Umeme ya huku inakuja siku inapenda. Siye hatuiamrishi."

"Umesema kweli, papa. Sasa tuangalie midomo yake." Mama Brigitte akapanga mezani vipande vidogo vya kuchomeka kwenye ncha ya bomba, kila kimoja na rangi yake. "Hii ya nyekundu, maji inatoka sawa sindano. Inakata hata udongo mukavu."

"Ile ndiyo nataka."

"Ile itakuvunjia uwanja, Mishe," sauti ikasema nyuma yake.

Duniani palikuwa na mtu mmoja tu aliyemwita Mishe. Michel akageuka polepole, kama mtu anayeogopa kuona. Donatien alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kipande cha tuyo, mpira wa maji, kilichopasuka, nywele zimekuwa nyeupe juu ya masikio. Alikuwa ametoka Iga Barrière, nje ya mji, kutafuta tuyo mpya ya kumwagilia nyanya zake.

"Weye… uko?" Michel akauliza.

"Niko."

"Balisema ulikufa ku njia ya Mongbwalu."

"Na weye balisema uko Uganda, ulisha kuoa mwanamuke mwingine."

"Bongo! Ni uongo mutupu!" Michel akasema, na Mama Brigitte akacheka kwa sauti. Wale wanaume wawili hawakucheka. Walipeana mkono, na kila mmoja akasahau kuuachilia.

Vita ya makabila ilikuwa imewatenga, kila mmoja upande wake, na miaka yote ile ya amani Michel hakuwa amemuulizia Donatien kwa mtu yeyote. Watu walikuwa wakisalimiana vizuri sokoni, wakanunuliana na kuuziana, kisha kila mtu akarudi mtaani kwake kabla jua halijazama. Kulikuwa na majina usiyoyataja, kwa sababu hukujua utajibiwa nini. Sasa mwenye jina alikuwa mbele yake. Donatien akauachilia mkono, akaangalia meza.

"Maji ya sindano itatoa muchanga yote yenye iko katikati ya pave," akasema. "Zitabaki zinacheza sawa meno ya muzee."

"Na ile kuvu nitaitoa na nini? Na maombi?"

"Jaribu basi. Uone."

Wakaivuta mashini mpaka nyuma ya duka, ambako Mama Brigitte alikuwa na kipande cha uwanja kilichotandikwa pave. Michel akachomeka mdomo mwekundu, akavuta kamba, akaelekeza bomba chini. Maji yakapiga kelele. Mstari mweupe ukatokea juu ya pave kama kovu, na mchanga wa katikati ukaruka ukapiga mashuka ya Mama Brigitte yaliyokuwa yakikauka kambani.

"Papa! Mashuka yangu!"

Donatien akachukua mdomo mwingine, ule wa kutawanya maji kama ufagio. Huu haukuharibu kitu, lakini kazi yake ilikuwa ya polepole. Mwishoni Mama Brigitte akaleta chombo cha mviringo, kama sufuria kubwa iliyopinduliwa. Ndani yake mikono miwili ya chuma ilizunguka kwa nguvu ya maji. Donatien akakisukuma mbele kama mtu anayepiga pasi shati. Kilipopita, pave zilibaki safi, na mchanga mwingi ulibaki mahali pake.

"Hii," Donatien akasema.

"Hii," Michel akakubali. "Na tuyo ndefu. Mashini ibaki pembeni ya sitérne, siye tutembee."

"Tuyo ndefu inapunguza nguvu."

"Kidogo tu! Unataka kusukuma ile uzito uwanja muzima?"

"Weye ulikuwaka muvivu tangu zamani."

"Na weye ulikuwaka mubishi!"

Mama Brigitte akawaangalia, kisha akauliza kwa upole kama ile sitérne ya parokia ilikuwa na robine ya kufungulia maji. Haikuwa nayo. Ilikuwa shimo la maji ya mvua, na hakuna kati yao aliyekuwa amefikiria maji yatapandaje. Akawaongezea mpira wa kunyonya maji, wenye kichungi mwishoni ili takataka zisiingie ndani ya mashini. Mdomo mwekundu ukabaki mezani.

Michel alisikia moyo wake umekuwa mwepesi. Hivi ndivyo walivyobishana zamani juu ya simenti, juu ya kamba ya kunyooshea mistari, juu ya kila kitu.

"Kesho uje," akamwambia Donatien. "Tuoshe pamoja."

Donatien akaangalia barabara kwa muda. "Batu ya kwako batasema nini?"

"Baseme. Uwanja iko yetu sisi wawili."

Kesho yake Donatien akaja na pikipiki, akiwa amevaa buti za shambani. Padiri Eugène, aliyekuwa mgeni katika parokia ile, akawakaribisha, akawaonyesha sitérne, akarudi kwenye vitabu vyake. Wakawasha mashini wakaanza kwenye mlango mkuu wa kanisa.

Sufuria ilipopita mara ya kwanza, rangi zikatokea. Nyekundu na kijivu, nyekundu na kijivu, mistari ya mshazari kama mkeka. Michel alikuwa amesahau ulivyokuwa mzuri. Akazima mashini.

"Unakumbuka muchanga ya muto Shari?" akauliza. "Ile kamyo ilikuwaka inakwama kila siku ku daraja."

"Na shofere anatuambia tushuke tusukume, yeye anabaki anakula karanga!"

Wakacheka, wakawasha tena. Haukupita muda Donatien naye akainua mkono, mashini ikazimwa. Alikuwa amekumbuka redio waliyoitundika kwenye mti wa mwavokado, na rumba zilizokuwa zikitoka mle mchana kutwa. Donatien alikuwa akimimina pave kwenye kalibu, Michel akizipanga, na wote wawili wakiimba ovyo mpaka masista waliokuwa wakipita wanacheka. Saa sita Gertrude, mke wa Donatien, angefika na sombe, yaani kisamvu, bugali ya muhogo na samaki wadogo wa Tchomia. Wangekula katikati ya uwanja, juu ya mifuko mitupu ya simenti. Siku hizo hakuna aliyemuuliza mwenzake kabila lake akila naye.

Mashini ilizimwa mara nyingi sana hata Padiri Eugène akatoka ofisini. "Imeharibika?"

"Apana, padiri," Michel akajibu. "Iko inapumuzika."

Karibu na dirisha la sakristia mstari mwekundu ulipinda, ukanyooka tena mbele kidogo. Donatien akachuchumaa akaugusa kwa kiganja.

"Ile siku mutoto wangu Fiacre alizaliwa," akasema. "Hapa nilipanga miye, na akili yangu ilikuwaka ku nyumba."

"Fiacre iko wapi sasa?"

"Iko Niania. Anauza simenti, aliisha kuoa." Akaupangusa mstari ule matope. "Gertrude hakufika Niania. Wakati ya vita tulikimbilia musituni. Homa ilimukamata, na dawa haikukuwa. Tulimuzika pembeni ya njia."

Michel akaangalia katikati ya uwanja. Akamwona Gertrude wa siku zile, amebeba sahani kichwani, akiwapigia kelele waoshe mikono kabla ya kula. "Sikujua," akasema. "Dona, sikujua."

"Ungejuaje?" Donatien akasimama, akavuta kamba ya mashini, na kelele yake ikafunika uwanja wote.

Siku kadhaa walifanya kazi hivyo. Kila alasiri Donatien aliondoka mapema, kwa sababu njia ya Iga haikuwa ya kuaminika jua likishuka. Halafu asubuhi moja hakuja. Michel alikuwa amejaza esansi, amepanga tuyo, akakaa kwenye ngazi za kanisa akingoja. Mama mmoja aliyetoka sokoni akasema wamesikia risasi upande wa Djugu, njia ile ya Iga, usiku ule. Mwingine akasema hapana, ni waasi walioshuka. Wa tatu akasema ni wanajeshi wamelewa. Simu ya Donatien haikupatikana.

Padiri Eugène akaja kumkumbusha kwamba Pentekoste imekaribia. "Unaweza kuendelea peke yako, papa?"

"Naweza, padiri. Lakini leo apana."

Alibaki pale mpaka alasiri. Alisikia aibu kwa jinsi alivyokuwa na hofu. Miaka mingi aliishi akiamini Donatien amekufa, na aliishi. Sasa siku moja tu ya kutojua ilimshinda. Aliporudi nyumbani hakugusa chakula, na Immaculée hakumlazimisha.

Asubuhi iliyofuata pikipiki ikaingia uwanjani imejaa vumbi. Donatien akashuka akijinyoosha. "Bamotari bote ba pikipiki balikataa kutoka," akasema. "Balisikia bunduki. Kumbe ni batu banapiganishana juu ya ngombe."

Michel akataka kumkaripia. Badala yake akampa ndoo. "Lete maji. Tumechelewa."

Ilibaki sehemu ya ukuta wa nyuma. Pale pave zilikuwa na madoa meusi ya mviringo, mengi, yamekaribiana. Sufuria ya maji ilipita juu yake mara kwa mara na madoa hayakutoka. Donatien akasimama akiyatazama.

"Hii si mafuta ya gari."

"Ni mafiga," Michel akasema. "Batu balipikia hapa wakati ya vita. Uwanja ilijaa, hata nafasi ya kunyoosha mguu haikukuwa." Akaonyesha doa moja karibu na kona. "Ile ni yetu. Tulikaa pale mpaka mvua zikaisha."

Donatien akalitazama doa lile kwa muda mrefu. "Siye hatungeweza kufika hapa," akasema polepole.

"Najua."

"Pave nilimimina miye."

"Najua, Dona."

Hakukuwa na hasira katika sauti zao. Walikaa chini, migongo ukutani, mashini imezimwa. Michel akasema labda wayaache yale madoa, watu wakumbuke. Donatien akasema hajui, si yeye aliyepikia pale. Ndivyo Immaculée alivyowakuta, alipoleta chakula kwenye beseni.

"Mama Divine," Michel akamwambia, "tunaulizana kama tuache mafiga."

Immaculée akaweka beseni chini. Akaenda mpaka kwenye doa lake, akalitazama, mikono kiunoni.

"Hapa nilipika majani bila chumvi," akasema. "Hapa Divine alilia njaa mpaka akalala. Munataka kunichungia njaa yangu? Osheni." Kisha akamgeukia Donatien, na sauti yake ikashuka. "Shemeji, nimesikia habari ya Gertrude. Tulikuwaka tunabadilishana mbegu, miye na yeye. Uje kula kwetu Pentekoste. Usikatae."

Donatien akainamisha kichwa. "Sitakataa."

Kwa madoa yale walichukua mdomo wa ufagio, wakamimina sabuni, wakaiacha ilale kidogo, wakasugua kwa burosi, wakapiga maji tena. Meusi yakawa kahawia, kahawia ikawa kijivu. Hayakuisha kabisa. Mtu aliyejua mahali pake angeyaona, asiyejua angepita tu. Jua lilipokausha uwanja, wakachekecha mchanga mpya, wakausukuma kwa mifagio uingie katikati ya pave mpaka nafasi zote zikajaa.

Pentekoste Wakristo waliingia uwanjani na viatu vyao vipya, na wengi wakasimama kwanza kuangalia chini. Mzee mmoja akauliza nani alileta pave mpya. Michel na Donatien, waliokuwa wamesimama pamoja karibu na mlango, hawakumsahihisha. Baada ya misa wakatembea kwa mguu mpaka Mudzipela, mtaani kwa Michel. Njiani majirani wengine walimsalimia Donatien kwa jina, mmoja akavuka barabara kuja kumshika mkono, na mwingine akaingia ndani akafunga mlango. Donatien aliona yote. Aliendelea kutembea.

Walikula, wakanywa bia ya Primus. Immaculée akamwandalia kitanda, kwa sababu saa zilikuwa zimekwenda. Ilikuwa mara ya kwanza tangu vita Donatien kulala Bunia. Alfajiri Michel alimkuta ameamka, amekaa barazani akisikiliza majogoo ya mtaa.

"Batu ya soko ya samaki ku Tchomia banataka baoshewe sakafu ya simenti," Michel akamwambia. "Iko na magamba ya miaka mingi. Tutaenda?"

"Ku Tchomia? Magamba haitatoka na maji baridi tu."

"Itatoka."

"Haitatoka, Mishe. Itahitaji sabuni ya nguvu, na mudomo ya kutawanya. Ile sufuria itaziba."

"Sufuria haitaziba!"

Ndani ya nyumba Immaculée, aliyekuwa akiwasha moto wa chai, akawasikia wanaanza, akaongeza maji kwenye birika.